Filimbi Haijavaa Nyeusi

Fundi mitambo, zima huo wimbo.

Asante. Naambiwa kila siku kwamba kipindi cha kumbukumbu lazima kifunguliwe na wimbo wa taratibu, wa huzuni, ili msikilizaji akae sawa kwenye kiti chake. Leo sitaki ukae sawa. Wasikilizaji wapendwa, huyu ni Zibuyile Mbatha, na saa hii ni ya marehemu wetu, kama ilivyo kila Jumapili baada ya ibada. Leo tunamkumbuka Falakhe Dladla wa Esihlabeni. Mgabadeli, kwa sifa ya ukoo wao. Mcheza ngoma. Kiongozi wa kundi la Esihlabeni kwa zaidi ya miaka thelathini. Amekufa kipupwe hiki, kwa mafua.

Narudia, kwa yule aliyetoka kidogo kuwafungulia ng'ombe. Falakhe Dladla amekufa kwa mafua. Hakupigwa risasi. Hakugongwa na gari. Wala hakuuawa na ule ugonjwa mkubwa mnaonong'onezana, maana ule alikuwa ameushika masikio. Mafua. Haya haya ya kamasi. Nina hasira, wasikilizaji wapendwa, na sitaificha, kwa hiyo mwenye moyo mwepesi apunguze sauti.

Falakhe alizaliwa huku huku kwetu, upande wa juu wa mto Thukela, pale mawe yanapokuwa mengi kuliko majani. Kaka yake mkubwa, Bhekokwakhe, aliniambia hivi: "Yule alianza kucheza kabla hajajua kufunga suruali. Ilikuwa inamdondoka, na yeye anaendelea kupiga mguu." Alikua, akaenda Johannesburg kama wanaume wetu wote, akalala hosteli, akachimba, akabeba, akarudi na vitu viwili vya maana. Redio, ambayo mjomba wake aliiuza. Na filimbi ya chuma, ya refa wa mpira. Hiyo filimbi mnaijua. Hakuna sherehe ya bonde hili ambayo haikuisikia.

Maana Falakhe alikuwa igoso. Watu wa mjini hudhani igoso ndiye mchezaji anayeruka juu kuliko wenzake. Sivyo. Igoso anaweza asiruke hata kidogo. Kazi yake ni kuita. Anasikiliza kundi la upande wa pili linapiga makofi namna gani, anatambua wanakuja na mchezo gani, anapuliza, na wanaume thelathini wanajua ni mguu gani unapanda. Asipoita, hakuna ngoma.

Na alikuwa mjanja huyo! Kabla ya mashindano, alivaa koti la kuazima akajifanya mnunuzi wa mbuzi, akaenda hadi kijiji cha wapinzani. Anashika mbuzi sikio, anauliza bei, anasema ghali, na wakati huo macho yake yako kwa vijana wanaofanya mazoezi nyuma ya zizi. Siku ya uwanjani anakuwa ameshawajua wote. Alikuwa akisema, "Mtu uliyemwona mazoezini hakutishi uwanjani." Hiyo ishikeni. Nitairudia.

Halafu akaugua. Ilikuwa enzi zile za mazishi kila Jumamosi, mnazikumbuka. Pasaka ya mwaka ule walimpeleka mashindanoni akiwa amelala nyuma ya gari la mizigo, amefunikwa blanketi mbili, mbavu zinahesabika. Wenzake wakaingia uwanjani bila yeye. Wanaume thelathini, wenye afya, miguu kama magogo. Wapinzani wakabadilisha makofi katikati. Huyu akapandisha kulia, yule kushoto, Bhekokwakhe akamkanyaga mpiga ngoma wao wenyewe, Mandlakayise, mpaka kucha ikatoka. Uwanja mzima ulicheka. Falakhe akainua kichwa kule garini akasema, "Miguu bila sikio ni kuni tu." Kisha akalala tena.

Baada ya hapo MaMchunu, mke wake, alimtia kwenye toroli akampeleka kliniki. Mwenyewe hakutaka. MaMchunu ananiambia, "Nilimwambia, Mgabadeli, ama unakwenda kwa toroli ama unakwenda kwa jeneza, na toroli tunalo." Pale kliniki walimkuta Sista Qondeni Ngubane, msichana aliyetoka shule ya uuguzi juzi, sare bado ina mikunjo ya dukani. Akampima damu. Siku ya majibu akamwita ndani, na hapo ndipo lile neno lilipoingia nyumbani kwa Dladla.

"Baba Dladla, askari wako wa mwili wamebaki kumi na wanane."

"Kumi na wanane elfu?"

"Kumi na wanane, baba."

Falakhe akahesabu kwa vidole. Halafu akasema, "Basi ni wachache, naweza kuwapa majina." Na kweli akawapa. Mmoja akamwita Bhekokwakhe, mmoja Mandlakayise, mpaka wakaisha. Kila asubuhi akimeza kidonge aliwaita mmoja mmoja, na MaMchunu ilibidi aitikie kwa niaba yao, "Yupo! Yupo!" Nyumba yenye mgonjwa mahututi, na watu wanacheka mpaka jirani anakuja kuuliza kuna nini.

Askari wa mwili. Amasosha. Sisi sote tunalitumia neno hilo. Mtu na shemeji yake wakikutana kliniki wanaulizana, "Wako wangapi?" na kila mtu anajua wanaoulizwa si watoto. Ni zile chembe za damu ambazo kirusi huzila, na hesabu yake huchukuliwa katika tone dogo kabisa. Na tuseme ukweli, lile neno lilisaidia. Watu walimeza vidonge kwa sababu walitaka jeshi. Falakhe alimeza. Askari wakafika mia, wakafika mia tano. Akarudi uwanjani na filimbi yake. Akasimama hapa hapa studio, kwenye kipaza sauti hiki, akasema, "Mimi nina virusi, nameza vidonge, na nitawashinda kwa ngoma." Wanaume wangapi walikwenda kupimwa wiki ile kwa sababu yake? Nusu ya kundi lake walikwenda. Wenyewe wamelisema hadharani, sitoboi siri ya mtu.

Kisha askari wakapita elfu moja. Elfu moja na mia moja! Na kliniki ikafanya nini? Ikamfanyia sherehe. Ikabandika ukutani picha ya askari wa damu wameshika bunduki. Ikamvisha fulana nyekundu, kifuani imeandikwa kwa herufi kubwa: JENERALI. Wakamtumia kila mahali, shuleni, kanisani, kwenye bwawa la kuogeshea ng'ombe. Jenerali ana jeshi la elfu! Wakampigia saluti. Miaka na miaka. Mkimvisha mtu fulana ya Jenerali, wasikilizaji wapendwa, ataivaa.

Ikaja siku ya chanjo. Ilikuwa Mei, baridi imeanza kuuma. Kliniki hutoa chanjo ya mafua kila mwaka, na wanaomeza vidonge vile hutakiwa wawe mbele kwenye foleni. Foleni ilikuwepo. Falakhe alifika na kundi lake, kwa kuwa walikuwa wanakwenda mazoezini. Wengi mlikuwepo, kwa hiyo mnisahihishe nikikosea.

"Mgabadeli, njoo, mkono mmoja tu," akasema Sista Qondeni.

"Chanjo ya nini?"

"Ya mafua."

"Ya kamasi?" Foleni ikaanza kucheka. "Sista, mwanangu, si wewe uliyeniambia nina askari elfu na mia moja? Leo unawaletea msaada wa sindano kwa ajili ya kamasi? Utawatukana. Watagoma hao."

"Baba, hiyo haina uhusiano na…"

"Jenerali hachanjwi. Jenerali anapigiwa saluti."

Akageuka, akapuliza filimbi. Wanaume wote waliokuwa nyuma yake wakapiga saluti kwa mpigo mmoja, wakageuka, wakatoka kwenye foleni wakiimba. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sista Qondeni naye alicheka. Hakumkimbilia. Hakumwambia, "Subiri, baba, kuna jambo hukuambiwa." Alicheka, akaita anayefuata.

Mwishoni mwa Juni Falakhe akaanza kupiga chafya. Siku ya pili homa. Siku ya tatu hakuweza kumaliza uji. MaMchunu anasema, "Nilimuuliza, askari wako wako wapi? Akasema, wamelala leo. Nikamwambia, waamshe basi. Akasema, nawaita, MaMchunu, hawajui mguu gani." Mapafu yalijaa. Alifika hospitali, wakamtia hewa puani, na Alhamisi asubuhi akatutoka. Elfu moja na mia moja, wote wako pale, wamejipanga. Hawajui mguu gani.

Alizikwa Jumamosi. Ng'ombe alichinjwa, watu walikuja mpaka kutoka hosteli za Johannesburg. Na akaja bwana mkubwa mmoja wa afya, na gari lake na miwani yake, akasimama mbele ya kaburi akasema, "Jenerali amelala. Jeshi linaendelea." Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwepo na sikuitikia. Jeshi lipi linaendelea, bwana? Linakwenda wapi?

Sasa sikilizeni kilichotokea nyuma, jikoni, wakati nyie mnakula nyama. MaMchunu alikuwa ameketi kwenye mkeka, ukutani, kama inavyompasa mjane. Sista Qondeni akaingia kutoa pole. Akapiga magoti. Akalia. Na katikati ya kulia, lile lililokuwa limemkaa kooni likamtoka. Mazungumzo haya nimeyapata kwa wote wawili, na wote wawili wameniruhusu niyaseme.

"Mama, samahani. Wale hata si askari."

"Wale nani?"

"Wale tunaowahesabu. Hawapigani, mama. Wapiganaji ni wengine. Wale wanatambua adui na kuwaita wenzao. Wasipoita, wengine wanasimama tu."

MaMchunu akainua uso. "Wanaita? Kama igoso?"

"Ndiyo, mama. Kama igoso."

"Na sindano?"

"Sindano inawaonyesha adui kabla hajaja. Anakuwa amekufa, hana nguvu, ila wanamwona alivyo. Akija wa kweli, wanamjua. Hata wawe elfu, kama hawajaonyeshwa, mpaka wamtambue anakuwa ameshaingia ndani."

"Kwa hiyo ni kwenda kutazama mazoezi. Ni koti la mnunuzi wa mbuzi."

"Ndiyo, mama."

"Na mlijua?"

Sista akainama.

"Nakuuliza, mwanangu. Mlijua kwamba si askari?"

"Tulijua."

"Tangu lini?"

"Tangu shuleni."

Walijua. Wasikilizaji wapendwa, walijua. Nilimpigia simu yule bwana mkubwa mwenye miwani, nikamuuliza kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu. Akanijibu, "Dada Zibuyile, ile ilikuwa lugha ya kurahisisha, kwa watu wa kawaida." Watu wa kawaida! Falakhe Dladla aliweza kusikiliza makofi ya maadui sitini na kujua kabla hawajamaliza kwamba wa tatu kutoka kushoto atateleza. Huyo ndiye alirahisishiwa. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa kuita, mkamwambia damu yake ina bunduki. Mngemwambia mara moja tu, "Baba, una amagoso elfu ndani ya damu, lakini hawajaona mazoezi ya mafua ya mwaka huu, na mafua kila mwaka hubadilisha makofi," angekunja mkono wa shati yeye mwenyewe. Angewafokea wachezaji wake wasiojipanga vizuri. Nani asiyelijua hilo?

Nisiwe mwongo. Daktari wa hospitali aliniambia sindano ile si kinga ya chuma. Wapo wanaochanjwa na bado wanaugua. Lakini waliochanjwa huugua kwa nafuu, na wengi wao hurudi nyumbani. Falakhe alinyimwa hiyo nafasi. Na nimemkasirikia yeye pia, Mgabadeli, anisamehe huko aliko. Alijua kusikiliza kila kitu isipokuwa msichana aliyetaka kumaliza sentensi yake. Hiyo saluti ilimgharimu.

Baada ya mazishi zile nguo za marehemu ziliwekwa pamoja, zisubiri siku yake ya kugawiwa kwa ndugu. Fulana nyekundu MaMchunu aliitoa mapema. Bhekokwakhe aliikuta imelowa mavi ya ng'ombe, mke wa mdogo wake anaisiribia sakafu.

"MaMchunu! Hiyo ni ya Jenerali!"

"Hapa hakukuwa na jenerali, shemeji. Hapa alikaa igoso."

Sakafu ile inang'aa, nimeiona.

Mngedhani yameishia hapo. Hayajaishia. Wiki ya pili sasa, Mandlakayise mpiga ngoma yuko kitandani anakohoa. Sista Qondeni amezunguka nyumba kwa nyumba na boksi lake la baridi, na wachezaji wa Falakhe wanajificha. Wengine wanasema Falakhe alirogwa na wapinzani. Wengine wanasema, "Ikiwa mwenye elfu amekufa, sindano itamsaidia nini mwenye mia mbili?" Jamani! Hiyo hesabu mmeifanyia wapi? Mwenye mia mbili ndiye anayehitaji kutangulia. Na wengine, nadhani hawa ndio wengi, wanaona aibu. Walipiga saluti, wakatoka kwenye foleni wanaimba, na sasa hawajui watarudi pale kwa wimbo gani. Wanaume wazima thelathini, wamesimama. Hakuna anayeita.

Ndiyo sababu MaMchunu alikuja kwangu juzi, amevaa nyeusi juu mpaka chini. Alisema kwa ile sauti ya chini ambayo mjane wetu hutakiwa kuitumia mwaka mzima. "Mwanangu, nataka kuipuliza filimbi redioni." Nikamwambia, mama, unajua mila. Mjane hapazi sauti. Mjane haendi penye mkusanyiko. Na filimbi ya igoso haishikwi na mwanamke hata ambaye hajafiwa. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto anayeuliza kama mvua inalowesha.

"Nyeusi nimevaa mimi," akasema. "Filimbi haijavaa."

Nikampigia simu Bhekokwakhe, maana yeye ndiye mkubwa wa nyumba ile na sitaki kesi. Alinguruma. Akasema huo ni mkosi, akasema mizimu ya kina Dladla haitaelewa, akasema mimi na redio yangu tunaharibu wanawake. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza, "Baba, wewe umechanjwa?" Akasema laini inakwaruza. Nikamuuliza, "Mandlakayise anaendeleaje?" Safari hii hakuisingizia laini. Halafu nikasikia pumzi, na sauti ya mzee, si ile ya kunguruma.

"Mimi sijasikia ulichoniuliza kuhusu filimbi," akasema. "Lakini asiipulize ndani ya zizi."

Studio si zizi, baba. Nimeangalia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tuliopo hapa natoa pole kwa familia ya Dladla, kwa Bhekokwakhe, kwa watoto walioko Johannesburg, kwa kundi zima la Esihlabeni. Mgabadeli, lala. Kwa Sista Qondeni pia natoa pole, maana yeye angalau alipiga magoti na kusema. Wewe mwenye miwani, kwako sina pole. Kwako nina ombi: kesho asubuhi, kabla kliniki haijamfungulia mtu wa kwanza mlango, ondoa ile picha ya bunduki ukutani mwake.

Na ninyi wengine, leo mkila chakula chenu cha jioni, mtazameni yule mnayemwita hodari kuliko wote nyumbani. Muulizeni kama damu yake imeona mazoezi ya mwaka huu. Akikucheka, mwache acheke, kisha muulize tena.

Wachezaji wa Esihlabeni, sasa nasema na ninyi. Najua mnasikiliza, hakuna kituo kingine kinachoshika huko kwenu. Kliniki inafunguliwa kesho asubuhi saa moja na nusu. Bhekokwakhe, wewe ni wa kwanza, mkono wa kushoto. Mwacheni Mandlakayise apone kwanza, nafasi yake itunzwe. MaMchunu ameketi hapa mbele yangu. Nyeusi yake iko sawasawa, macho ameyainamisha kama inavyotakiwa, na filimbi iko mkononi. Mnaijua sauti yake. Imewaita maisha yenu yote na haijawahi kuwapeleka pabaya ila mara moja.

Waite, mama.